Tofali la Bi Saltanat

Ijumaa, 10 Januari 2014

Basi ndiyo hivyo. Arbab Abdullatif, bosi wetu, anafunga duka.

Alitwambia jana jioni, mimi na Rama wa kufungasha mizigo, huku anafuta miwani yake. Alipomaliza akaanza kuifuta upya. Mwenye jengo anataka kulivunja, na Abdullatif mwenyewe umri umemwendea, magoti hayazitaki tena ngazi za stoo. Mwisho wa Februari, khalas. Ruhusa ya kuhamia kwa kafeel mwingine, mdhamini wa visa, atatupa bila maneno mengi. Mtu mstaarabu, sina la kumlaumu. Natamani ningekuwa nalo!

Nauza mapazia hapa Naif, Dubai, tangu 2005. Visa yangu iko chini ya duka hili—likienda, nami naenda. Njombe kuna baridi na kuna baba. Navipenda vyote viwili, ila si mwezi wa tatu, na si mikono mitupu.

Hata hivyo leo nimecheka hadi kwikwi. Tulifungua baada ya sala ya Ijumaa, mara akaingia Bi Saltanat. Huyu ni mteja wetu kutoka Almaty, Kazakhstan. Mama wa miaka hamsini na kitu, meno mawili ya dhahabu, huja mara kwa mara kubeba mapazia ya maduka yake. (Mishi, Mmombasa ninayekaa naye chumba kimoja, alipolisikia jina hilo aliuliza kama ni wa ukoo wa masultani.) Leo mkono mmoja kashika koti la manyoya, ametoka kwenye theluji. Mkono wa pili—pakiti ya biriani ya sadaka!

Kumbe alikuwa anapita nyuma ya msikiti, akaona foleni. Akajiunga. Hakuuliza! Mbele yake vibarua, nyuma yake vibarua, yeye katikati na pochi ya ngozi. Alipofika mbele akapewa biriani. Nikamwuliza kwa nini hakuuliza kwanza ni foleni ya nini. Akanitazama kama vile swali langu ni la kitoto. Kwao, kasema, unashika nafasi kwanza, halafu ndiyo unauliza. Ukianza kuuliza, wengine wameshakupita.

Nikakaa juu ya robota la mapazia, nikacheka. Kwa sababu mwaka juzi, Al Quoz, mimi nami nilijiunga na foleni ndefu nje ya kambi ya wafanyakazi. Nikaenda nayo mpaka mlangoni. Kumbe mafundi wa kuchomelea vyuma wanapimwa kifua! Nesi wa Kifilipino akaniuliza nipo karakana gani. Biriani tumeila watatu, pamoja na Rama. Ilikuwa nzuri sana, kusema kweli.


Jumapili, 12 Januari

Bi Saltanat safari hii anakaa siku nyingi. Anakuja dukani hata kama hanunui. Tunaongea Kiingereza chetu cha Deira. Yeye akikwama anachomeka Kirusi, mimi nikikwama nachomeka Kiswahili, mikono inamalizia. Ananiita Roza. Anasema kwao kina Roza wamejaa.

Leo tumezungumza foleni tu. Zama zao za ukomunisti watu walikuwa wakiandikana namba kwenye viganja kwa kalamu. Kila baada ya muda mmoja anasimama, anaziita namba. Asiyeitika anafutwa. Hata kama amekwenda kunyonyesha! Nikamwambia sisi hatukuwa wakali hivyo. Kwetu ni jiwe. Unaliweka jiwe lako kwenye foleni ya duka la ushirika, unakwenda zako shamba, na jiwe linakaa kwa niaba yako. Letu lilikuwa kipande cha tofali la misheni, upande mmoja kina rangi ya bluu. Foleni ikisogea, aliyepo anayasogeza kwa mguu na mawe ya wasiokuwepo. Mama hakuchoka kunikumbusha kila aliponituma: usisogeze letu tu.

Bi Saltanat hakuamini. Hakuna aliyelitupa jiwe la mtu? Nikasema walikuwepo wa hivyo, ila kijiji kizima kilijua jiwe hili la nani na lile la nani. Akawaza kidogo. Akasema mtindo wetu ni wa watu wanaojuana, wa kwao ni wa watu wasiojuana. Sikuelewa kama anatusifu au anajisikitikia.

Akaniuliza kama bado naficha vitu vya akiba, kama enzi zile za uhaba. Nikakana. Kisha nikakumbuka miche ya sabuni chini ya kitanda changu, ambayo Mishi kila siku inamgonga vidole vya mguu. Nikakiri. Naye akakiri: sukari, kabati zima, nyumbani kwake Almaty. Mwanawe wa kiume anaona aibu wageni wakilifungua.


Jumatano, 15 Januari

Rama amesoma kwenye simu kwamba nchi zilizoacha ukomunisti zimekua kiuchumi. Nyingine zilianguka kwanza kisha zikainuka, nyingine bado zinatambaa. Akamgeukia Bi Saltanat kama ndiye mwakilishi wa zote. Vipi huko kwenu, mama, mmekua?

Tumekua, akasema. Miaka ya tisini tulikuwa shimoni. Mafuta yakapanda bei, nasi tukapanda nayo. Sasa Almaty ina magari mpaka hakuna pa kuegesha. Lakini kaka yake, injinia wa mgodi, alipoanguka naye hakuinuka tena. Anashinda dirishani na chai. Nchi imekua na yeye amepungua, humo humo.

Rama akasema Tanzania nayo inakua asilimia saba kila mwaka. Nikamwuliza hiyo saba inakaa mtaa gani nikaisalimie. Akanuna. Baadaye nikaona nimemwonea. Likizo iliyopita nilikwenda kijijini, na duka la ushirika la zamani sasa ni saluni. Jirani yake maduka matatu ya watu binafsi, yote yanauza biskuti zile zile. Na sukari! Imekaa tu rafuni, inangoja mtu. Nilisimama nikaitazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Baba alikuwa karani wa lile duka. Kila asubuhi alikuwa akipangusa rafu, na rafu zenyewe tupu. Namwona mpaka leo na kile kitambaa chake. Anapangusa vizuri kabisa, pembe zote, halafu anafungua mlango kuwaambia watu hakuna kitu.

Bi Saltanat naye akasimulia yake. Alikuwa mwalimu wa kemia. Mishahara ikakatika, halafu siku moja walimu wote wakalipwa sahani. Ndiyo, sahani za bati, kutoka kiwanda cha mji wao! Akazipanga kando ya barabara kuanzia kubwa mpaka ndogo, akajifunika shela usoni ili wanafunzi wasimjue. Mwanafunzi wa kwanza kupita akasema, shikamoo mwalimu, sahani bei gani. (Nimetia shikamoo mimi, ila ndivyo alivyomaanisha.) Akaitoa shela. Tangu siku hiyo hajaacha kuuza.


Jumatatu, 20 Januari

Siwezi kulala ila si kwa ubaya. Niandike upesi.

Bi Saltanat anaondoka kesho. Leo aliniuliza nitafanya nini duka likifungwa. Nikasema nitaomba kazi duka jingine. Akaweka chini kikombe. Wewe Roza unajua kuuza mapazia, au unajua kuuza mapazia ya Abdullatif? Nikakasirika, nikamwambia wateja wote wa Dar, Mombasa na Kampala wanaingia hapa wananiulizia mimi, hata Arbab anajua. Akasema vizuri, hilo ndilo alilotaka kulisikia.

Mpango ni huu. Kuna bohari Al Quoz linageuzwa soko la jumla, ndani yake vizimba vya kupangisha. Yeye anaweka mtaji. Mimi naweka wateja wangu na kazi yangu. Faida nusu kwa nusu. Nitauzia Waafrika huku, na mzigo wake wa Almaty nitauchagua mwenyewe, yeye asihangaike na safari.

Arbab tukamwomba awe kafeel wetu. Akacheka mpaka akakohoa. Yaani anatafuta kupumzika, sisi tunamrudisha sokoni! Lakini akakubali, kwa sharti kuwa kila akipita apewe chai na asiulizwe habari ya hesabu. Mkipata kizimba, kasema. Msipopata sina jinsi, visa zenu siwezi kuzitundika hewani.

Kila kitu kiko hapo. Kizimba.

Bi Saltanat akasema enzi zile kwao mtu wa namna yetu, anayenunua hapa akauze pale kwa faida, alikuwa anafungwa. Kwetu vile vile! Walanguzi! Nakumbuka mwaka wa msako, watu walikuwa wanatupa khanga mpya mtoni usiku kwa hofu. Tukatazamana, walanguzi wawili wa mapazia, tukagonga vikombe.

Nataka duka. Sijawahi kuandika hivyo. Nataka duka lenye rafu zilizojaa mpaka juu, na nizipanguse mimi.


Ijumaa, 24 Januari

Baada ya kanisa (huku hata sisi tunasali Ijumaa) nimekwenda na Mishi kuliona soko. Teksi ilizunguka karakana za Al Quoz mpaka dereva akataka kutushusha njiani. Bohari zuri, limepakwa rangi nyeupe. Vizimba vya nyuma vimeshachukuliwa na kampuni kubwa. Vya mbele, vinavyotazama maegesho, vitagawiwa Jumapili tarehe 16 Februari. Bango linasema atakayetangulia ndiye atakayepata, na mwenye mtaji aje mwenyewe na pasipoti. Kwa hiyo Bi Saltanat lazima awepo. Sahihi yangu haitatosha.

Mishi hakuamini kuwa nimepanga kuja alfajiri kukaa foleni. "Wabongo na foleni zenu, ai! Si uwapigie tu simu, bana? Hii ni twenty-fourteen!" Akaipiga yeye. Wakamjibu njoo mwenyewe, wa kwanza ndiye wa kwanza. Nikamtazama. "Haya basi," akasema, "lakini sisi kwetu tungemtafuta mtu wa ndani." Ndiyo maana enzi za ujamaa tuliwaita Wakenya manyang'au, nikamwambia. Tukacheka njia nzima.


Alhamisi, 30 Januari

Nimempigia baba. Nimemwambia huenda nikapata duka. Halafu akauliza, "Na bidhaa zipo?"

Zipo baba, nikamwambia. Zimejaa mji mzima.

"Basi vizuri, mwanangu. Maana duka si mlango."


Jumanne, 11 Februari

Mambo yameharibika Kazakhstan! Asubuhi Benki Kuu yao imeishusha pesa yao. Jana ilikuwa na thamani hii, leo karibu sehemu ya tano imekwisha, watu wakiwa bado na pajama. Rama ndiye aliyeniambia, ameiona kwenye habari. Nikampigia Bi Saltanat. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei.

Nimekata mita za pazia la mteja wa Kampala, nimekosea, nimekata fupi. Sijawahi! Arbab ameniletea chai.

Jioni amepiga mwenyewe. Sauti imekauka. Kasema watu wamevamia maduka, kila mwenye pesa anataka aigeuze kitu chochote kabla haijashuka tena. Mafriji, viatu, unga. Na mapazia! Duka lake la kwanza limebaki rafu tu. Wamenunua mpaka yale ya maonyesho dirishani, mpaka pazia la chumba cha kujaribia nguo. Bibi mmoja kabeba mapazia ya dhahabu ya ukumbi wa harusi, akaulizwa ya nini, akasema hajui bado.

Wafanyakazi wake walitaka kupandisha bei mchana. Akakataa. Kasema alikuwa anawajua nusu ya wale watu kwa majina.

Kwa hiyo ameuza kila kitu, na alichopata ni makaratasi yanayopungua. Nikamwuliza kuhusu kizimba. Akasema, "Roza, leo usiniulize."

Sikumwuliza.


Jumatano, 12 Februari

Hajapiga.


Alhamisi, 13 Februari

Hajapiga. Rama amepata kazi ya stoo Jebel Ali, ataanza Machi. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli nimefurahi, nimemnunulia soda. Kisha nimekwenda chooni nimelia kidogo, nimenawa.

Nimeanza kupanga moyoni vitu vya kwenda navyo nyumbani. Miche ya sabuni naiacha kwa Mishi. Alipoisikia habari hiyo akasema nisimtishe.


Ijumaa, 14 Februari

Anakuja! Anakuja! Anakuja!

Amepiga nikiwa kanisani, nimetoka mbio katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Kasema siku hizi tatu alikuwa anawaza afungie pesa kabatini pamoja na sukari, akae kimya kama kaka yake. Jana akaenda kumwona kaka. Yuko dirishani, chai yake, anasema, "Niliwaambia." Akaondoka pale akaenda moja kwa moja kununua tiketi. Maduka yake ni matupu, watu watataka tena mapazia, na mapazia yako Dubai. Ndege zimejaa, amepata ya usiku wa Jumamosi. Atatua Jumapili mapema. Ninachotakiwa ni kumshikia nafasi.

"Hiyo unaiweza," akasema. Naiweza! Nimeifanya tangu nina miaka kumi na miwili!


Jumamosi, 15 Februari

Nimefua, nimepika maandazi ya kwenda nayo, nimenunua kalamu mpya ya wino mzito. Mishi atanisindikiza alfajiri kisha aende kazini. Ananiambia nimeng'aa kama bi harusi. Muda wote anachokoza, lakini ndiye aliyenipigia pasi blauzi.

Kutwa nzima nimejisikia vizuri bila sababu kubwa. Nimepita Naif yote kwa miguu, nimewasalimia wenye maduka. Nimeingia kwa yule mama wa vitenge nikamwuliza rafu zake alizitengenezea wapi.


Jumapili, 16 Februari. Al Quoz, asubuhi

Ukungu. Sijawahi kuuona wa namna hii. Teksi ilikuja inanyata, taa zote zimewashwa. Tulipofika walikuwepo vijana wawili tu wa Kigujarati wa vyombo vya plastiki. Mimi wa tatu. Nikamuaga Mishi, nikakaa chini.

Wakaanza kuja wengine, na kila anayekuja anataka kusimama pembeni ya mlango. Nikaona hapa kutakuwa na vurugu. Nikatoa kalamu. Nikawaandikia namba viganjani, nikaanza na wale vijana, mimi mwenyewe tatu. Wagujarati walicheka. Wa nne hakucheka. Mzee wa Samarkand, Uzbekistan, kofia ya darizi, viatu vimepigwa dawa vikang'aa, anauza zabibu na lozi. Akanyoosha kiganja kabla sijamwomba, macho yamemlowa. Akasema kwa Kirusi, kiasi nilichokishika kwa Bi Saltanat, kuwa ni muda mrefu hajaandikwa namba. Wa tano ni dada wa Kihabeshi wa kahawa na viungo. Naye akanyoosha tu. Kwao pia walipitia serikali ya namna hiyo, kasema, foleni anazijua tangu mgongoni mwa mama yake.

Mzee akajiteua kuita namba. Ana sauti ya mkuu wa shule. Akatangaza sheria ile ile ya kina Bi Saltanat: asiyeitika anafutwa.

Nimegawa maandazi. Mhabeshi kagawa kahawa. Nimekaa foleni za kila aina, lakini hii ndiyo nzuri kuliko zote.


Baadaye kidogo

Ujumbe kutoka kwa Bi Saltanat, aliutuma muda uliopita lakini umeingia sasa. Ukungu. Ndege haikuweza kutua, wamepelekwa Muscat, wamekaa ndani ya ndege. Wanasubiri.


Bado asubuhi

Ofisi imefunguliwa upande wa ndani, bado hawaiti watu. Askari katoka, Mganda, kijana mpole. Kasema mambo mawili. La kwanza, vizimba vya mbele vimebaki vitatu tu. Foleni nzima ikaguna. Baadhi wakaondoka palepale. La pili, mawakala hawaruhusiwi, ni wenye mitaji tu na pasipoti zao. Akaanza kukagua. Akafika kwangu. Nikamwonyesha karatasi ya idhini aliyonitumia Bi Saltanat, nikamweleza ndege, nikamweleza ukungu. "Samahani sana, madam. Sheria si yangu. Toka kwenye laini."

Nikatoka. Sikubishana, ningebishana angenitoa kabisa getini. Lakini pale ukutani palikuwa na matofali ya mafundi. Nikachukua moja. Nikaliweka mahali pangu, kati ya kijana wa pili na mzee, nikaliandika 3 kwa kalamu yangu. Askari akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni Bi Saltanat wa Almaty. Akaenda zake.

Sasa nimekaa upande wa pili wa maegesho, kando ya lori, naandika. Ujumbe mwingine: wametua Dubai! Yuko kwenye mstari wa pasipoti uwanjani. Mstari wenyewe mrefu, kasema. Kisha: teksi. Kisha simu yake imezimika au chaji imekwisha. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hapa, na ukungu huu na malori haya, sijui.

Vizimba vitatu. Tofali likiwemo, mzee wa Samarkand anakosa. Tofali likiondoka, anapata. Anajua hesabu hiyo. Kila mtu pale anaijua. Wala hakuondoka na wale wengine, amekaa nyuma ya tofali mikono mgongoni.


Sasa hivi

Mzee anaita namba. Moja! Yupo. Mbili! Yupo. Tatu!

Watu wote wanalitazama tofali. Mimi nina 3 kiganjani na siwezi kuitika, askari ananiangalia. Mzee kasema tena, tatu! Nimeufumba mkono. Na hapo Mhabeshi, wa tano, kasema kwa sauti, "Mawjud!" Yupo! Mzee kamgeukia. Kalitazama tofali muda mrefu. Kisha kasema nne, akajiitikia mwenyewe, akaendelea na tano.

Nampenda yule Mhabeshi kama dada yangu wa tumbo moja.

Mlango umefunguliwa. Kijana wa kwanza ameingia. Kijana wa pili kasogea mpaka mlangoni. Tofali limebaki nyuma, pengo limefunguka mbele yake, kubwa, mtu anaweza kupita bila hata kuinua mguu. Nimesimama. Nataka kukimbia nikalisukume, askari yuko pale pale.

Mzee anatazama pengo.

Amelisukuma! Kwa ncha ya kiatu chake kile kinachong'aa, taratibu, mpaka limefika nyuma ya visigino vya kijana wa pili. Kisha amesogea nyuma yake, kapangusa kiatu kwa leso. Hakunitazama kabisa. Ninalia, na si kwa huzuni hata kidogo.

Teksi inaingia getini. Si yeye, ni ya mtu wa vioo.

Kijana wa kwanza katoka, anacheka, ana karatasi mkononi. Wa pili kaingia.

Mzee amelisukuma tena. Sasa tofali liko mlangoni kabisa.

Teksi nyingine, taa zake naziona kwenye ukungu, sioni ndani kuna nani. Kijana wa pili naye katoka. Karani kachungulia nje, kauliza nani anafuata. Mlangoni lipo tofali tu, na nyuma yake wamesimama watu wote kimya, wanangoja nalo.